Uzoefu wangu wa punguzo la ada skuli za praivet zilipofungwa: skuli tatu, Unguja na Pemba

Assalam alaykum jamani. Hii naiandika kwa wazee wenye watoto skuli za praivet au wanaofikiria kuwapeleka, na sitaji jina la skuli yoyote maana nia yangu si kumharibia mtu riziki yake, nataka tu watu wajue cha kuuliza kabla hawajatoa pesa. Tukichagua skuli tunaangalia jengo, gari, Kiingereza, matokeo ya darasa la sita, na mie niliangalia hivo hivo, lakini hakuna anaeuliza skuli ikifungwa miezi mitatu ada yangu inakuaje. Na kufungwa kupo. 2020 tumefungiwa kwa korona, mwezi wa tano 2024 kikaja kimbunga Hidaya skuli zikasimamishwa, ile ilikua ni muda mfupi na hakuna mtu aliedai chochote, ila inaonyesha kua hii si habari ya zamani ya kusahau.

Hali yetu mwaka ule wa 2020 ilikua hivi. Mie nafanya kazi hoteli upande wa Kiwengwa, baba watoto anaendesha gari ya watalii, anawapokea uwanja wa ndege anawapeleka Nungwi, Paje, popote. Ndege za Italia zikasimama, baadae za kwengine nazo, hoteli ikafungwa, masika yameingia na Ramadhani mwisho wa mwezi wa nne iko mlangoni. Watu wa hoteli mnajua, mwezi wa nne na wa tano hata mwaka ukiwa mzuri ni wa kubana, wengine wanapewa likizo bila mshahara, mtu anakula akiba yake ya msimu akingojea wageni wa mwezi wa sita na wa saba. Sasa mwaka ule akiba inaliwa na hakuna anaejua wageni watarudi lini, yaani nyumba mbili tatu mtaani kwetu Fuoni wote wanategemea utalii na wote wamekaa barazani mchana.

Katika hali hiyo ndo ikaja meseji ya skuli ya binti yangu, alikua darasa la tano skuli moja kubwa ya Kiingereza upande wa Kiembesamaki. Kwa muhula tulikua tunalipa ada laki sita, gari laki na nusu, chakula laki na ishirini na mchango wa maendeleo elfu hamsini. Meseji inasema muhula unaendelea "kwa njia ya mtandao" kwa hivo malipo ni kama kawaida na ambae hajalipa mpaka tarehe fulani mtoto atatolewa kwenye grupu la masomo. Kama kawaida! Na gari humo humo! Gari lenyewe limepaki, mtoto yuko kitandani kwangu anaangalia katuni, nalipia gari la nini? Niliumia sana na mpaka leo nikikumbuka ile meseji moyo unakua mzito, si kwa pesa tu, ni kwamba walietuandikia walijua kabisa nusu ya wazee pale ni watu wa hoteli na wa bandarini na wa biashara ya watalii.

Na hayo masomo ya mtandao niseme ukweli yalikua ni picha. Mwalimu anapiga picha ukurasa wa kitabu anatuma kwenye WhatsApp, mtoto ananakili, mie napiga picha daftari narudisha, jibu linakuja tiki moja nyekundu au haliji. Bando langu. Simu yangu, ambayo baba yake akitoka nayo basi siku hiyo hamna skuli. Walimu siwalaumu, wao nao walikua majumbani kwao na watoto wao na simu zao hizo hizo, hakuna aliewafundisha kufundisha kwa simu. Vipindi vya masomo vya ZBC, shirika letu la utangazaji la Zanzibar, binti yangu alikua anavifatilia vizuri kuliko lile grupu, na vile ni vya bure.

Kilichotusaidia ni kua wazee tulikua na grupu letu wenyewe bila walimu. Kukawa na makelele siku nyingi, huyu anasema tusilipe hata senti, huyu anasema tuwahamishie watoto serikalini kote maana kule michango ishafutwa na Dk. Shein, Rais wa Zanzibar wakati ule, mwengine anasema nyie mkihama walimu watakula nini. Mwisho tukachagua watu watatu, mmoja bibi mmoja mhasibu mstaafu, mtu mpole lakini hesabu zake hazina mchezo, yeye ndo akasema jamani msiende kuomba punguzo, nendeni mkaombe mchanganuo. Yaani skuli ituonyeshe ada inatumika wapi: mishahara kiasi gani, mafuta ya magari, umeme, maji, jiko, kodi ya jengo. Kile ambacho hakitumiki sasa hivi tusilipie, kile kinachotumika tulipe hata kwa shida. Hilo wazo ndo lililobadilisha mazungumzo yote, kwa sababu mwenye skuli hakuweza tena kutuona kama watu tusiotaka kulipa.

Walichukua muda kujibu, lakini walijibu kwa barua yenye muhuri, na hapo nawapa haki yao. Gari hakuna kulipa kwa kipindi chote cha kufungwa, chakula hakuna, mchango wa maendeleo umeondolewa, ada imepungua kwa asilimia 30 na unaweza kulipa kidogo kidogo kwa miezi. Kwetu sisi laki tisa na elfu ishirini ilishuka mpaka laki nne na ishirini, ni nafuu kubwa sana hiyo. Na kitisho cha kutoa watoto kwenye grupu kikafutwa.

Sasa mabaya. Waliokua washalipa muhula mzima mapema, ambao ndo wazee waaminifu kuliko wote, hawakurudishiwa keshi, waliambiwa pesa yenu itasogezwa muhula unaokuja. Mtu hana mchele ndani na pesa yake imekaa kwenye akaunti ya skuli. Nadhani hata wangerudisha ile ya gari tu peke yake ingesaidia. Pili, chakula na gari cha zile wiki za mwisho za muhula wa mwanzo, skuli zilipofungwa ghafla katikati ya mwezi wa tatu, hakikuzungumzwa kabisa, kila tukiuliza tunaambiwa litaangaliwa na halijaangaliwa hadi leo. Tatu, wenye watoto wawili au watatu pale pale hawakupewa chochote cha zaidi.

Skuli ya pili ni ya maandalizi, yaani chekechea, mtaani tu hapa hapa Fuoni, ya mwanangu mdogo. Mwenyewe ni mwalimu wa zamani, sote tunamwita Bi Mwalimu. Huyu hatukumuomba kitu, yeye mwenyewe alitutumia voisi akasema wazee wangu, skuli imefungwa, mtoto hasomi, sichukui pesa ya mtu mpaka Mungu atufungulie. Nililia ile siku, wallahi. Nikamsifia kila nnapopita. Lakini nataka niseme na upande wa pili kwa sababu hii ni rivyu na nampenda yule bibi. Walimu wake walikua vijana wanne wanaolipwa na zile zile ada zetu ndogo ndogo, hana akiba, hana mfadhili, miezi ile hakuwapa kitu kwa sababu hana. Skuli zilipofunguliwa wawili hawajarudi, mmoja keshaanza kuuza vitu vyake Darajani, mmoja kaolewa shamba huko. Madarasa mawili yakaunganishwa, watoto wa miaka minne na wa sita pamoja, mwanangu ambae alikua keshaanza kutambua herufi akawa anarudi nyumbani kapaka rangi tu. Na muhula uliofata ada ikapanda. Bi Mwalimu angetwambia nipeni theluthi tu niwawekee walimu wangu futari, ningetoa, na najua wenzangu wengi wangetoa, maana ilikua Ramadhani na mtu hata akiwa hana anatoa. Kusamehe ada yote kwa skuli ndogo ni wema ambao walimu ndo wanaulipia.

Ya tatu ni ya watoto wa dada yangu, Chake Chake, Pemba. Hii kwangu mie ndo nambari moja na nashangaa haizungumzwi. Haina jengo la maana, gari lake bovu, ila wiki ya pili tu baada ya kufungwa mkuu wa skuli keshaandika karatasi moja, nimeiona kwa macho yangu kwa simu ya dada. Imeandikwa: ada ni nusu, hiyo nusu yote ni mishahara ya walimu na hakuna kingine ndani yake, gari na chai ya asubuhi zimesimama, alielipa zaidi aje achukue chake au aseme kihesabiwe mbele, yaani mzee ndo anachagua. Na ambae hana kabisa aje azungumze faragha, anaweza kulipa karafuu zikishauzwa ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu. Hilo la karafuu nimelipenda mno, kwa sababu ni mtu anaeijua Pemba, anajua pesa ya watu inakuja lini, hajaandika tarehe kutoka hewani tu. Na masomo hawakujifanya kuna mtandao. Walitoa fotokopi za mazoezi, mzee anapita getini anachukua bahasha ya mtoto wake anarudisha ya wiki iliyopita, mwalimu anasahihisha kwa mkono. Dada anasema mtoto wake wa darasa la tatu alirudi skuli anaijua jedwali la kuzidisha kuliko alivoondoka. Na walimu wote walirudi, hata mmoja hakuacha.

Tena tukumbuke sie tulibahatika kwa muda. Bara Rais Magufuli alitangaza skuli zote zifunguliwe 29 Juni 2020, na kwetu pia mambo hayakuchelewa sana. Kenya waliofungiwa Machi 2020 walikuja kurudi wote Januari 2021, na Uganda ndo usiseme, skuli hazikufunguliwa kikamilifu mpaka 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, walimu wa praivet huko wakaingia kwenye boda boda na kilimo na wengine hawakurudi tena darasani. Fikiria Bi Mwalimu wetu wa Fuoni angekaaje miaka miwili.

Na lile wazo la mhasibu wetu kumbe halikua la ajabu. Nilikuja kusoma baadae kua Mahkama ya Juu kabisa ya India mwezi wa tano 2021 iliamua kesi ya skuli za praivet za jimbo la Rajasthan, ikasema skuli zipunguze asilimia 15 ya ada ya mwaka wa masomo 2020 hadi 2021 kwa sababu zilipofungwa ziliokoa pesa za mafuta, umeme, maji na matengenezo, kwa hivo si haki kumlipisha mzee kitu ambacho skuli haikukitumia. Ikasema pia wazee waruhusiwe kulipa kwa awamu, na mtoto asizuiwe kusoma wala matokeo yake yasishikiliwe kwa sababu ya ada. Asilimia 15 ni kidogo mbele ya 30 yetu, lakini wao ilikua amri ya mahkama na sie ilikua hisani ya skuli baada ya kubishana, na hisani mwakani inaweza isiwepo. Ningependa sana Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iweke hata mwongozo mfupi tu, skuli binafsi zikifungwa zaidi ya mwezi gari na chakula visidaiwe, mishahara ya walimu ilindwe kwanza, basi. Nawaomba na walioko wizarani kama wanasoma.

Kwa nyota, ile ya Chake naipa tano kamili. Ya Kiembesamaki naipa tatu, ingekua nne kama wangerudisha pesa za watu na wasingeanza na vitisho, binti yangu nilimwacha pale pale kwa sababu walimu wake ni wazuri na kwa sababu ile barua ninayo mpaka leo kwenye faili, wakibadilisha maneno nitawaonyesha. Ya Fuoni sijui niipe ngapi, roho ya Bi Mwalimu ni tano ila mwanangu nilimhamisha, na nilikwenda kumuaga mwenyewe nyumbani kwake nikamwambia sababu, akanielewa.

Wazee mnaoandikisha watoto sasa hivi, mkifika ofisini ulizeni hivi: mkifungwa mwezi mzima gari nalipia? Chakula je? Nilicholipa mbele narudishiwa au kinasogezwa? Walimu mtawalipa? Na waambieni wakuandikieni, jibu la mdomo la mhasibu wa skuli si kitu maana mhasibu mwenyewe anaweza asiwepo mwakani. Mie nimeuliza skuli mbili za karibu mwaka huu kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu, moja walicheka, moja walinitolea karatasi papo hapo. Hiyo ya karatasi iko njia ya Mwanakwerekwe, ada yao iko juu kidogo, kama kuna mzee ana mtoto pale anaijua vizuri naomba anambie chini hapa maandalizi yao yakoje, mdogo wangu anataka kulipa mwisho wa mwezi.