Zotero kwa mnaoanza masta na PhD: maoni yangu baada ya kuitumia kwa muda mrefu

Wakuu habari zenu. Kila msimu wa udahili meseji zinakuwa zilezile, kaka ninunue laptopu gani, nisome kozi gani ya SPSS (programu ya kuchambua data), kuna mtu anauza vitabu vya research methodology nichukue? Mi jibu langu huwa ni moja, kabla hujatoa hela yoyote shusha Zotero, na uishushe sasa hivi hata kama topiki hujaipata. Nasema hivyo kwa sababu wengi wanaisikia mwezi wa mwisho, desetesheni imeshafika chapta ya tano, marejeo yako mia na kitu yameandikwa kwa mkono kila moja na staili yake, hapo ndo mtu anatafuta msaada na kwa kweli hapo Zotero inakusaidia nusu tu, maana itabidi urudi kuingiza kila kitu upya.

Kwa asiyeijua, ni programu ya kutunza na kupanga rejea. Ilitoka 2006, ikaanzishwa George Mason University kule Marekani na watu wa kitengo cha historia, na mpaka leo ni ya bure, sio ile bure ya siku thelathini halafu unaambiwa weka kadi. Unaweka programu kwenye kompyuta, unaweka na kidude chake cha kwenye Chrome au Firefox kinaitwa Zotero Connector, basi. Ukifungua makala mtandaoni unabofya kile kidude, jina la mwandishi, mwaka, jarida, kurasa, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) vinaingia vyenyewe, na PDF kama ipo wazi inakuja nayo. Kwenye Word inatokea tabu yake pale juu, ukitaka kumtaja mtu unaandika jina lake tu anakuja, na orodha ya marejeo mwishoni inajijenga yenyewe, ukifuta aya yenye rejea fulani na kule chini inaondoka. Chuo kinataka staili ya APA ya kuandika marejeo, jarida unalopeleka makala linataka ya Vancouver, unabadilisha staili orodha yote inageuka na wewe umekaa tu. Hii kazi vijana wa steshenari za jirani na vyuo wanalipwa kuifanya, sina ugomvi nao kila mtu anatafuta riziki, ila mtu unayetaka kuja kuwa mhadhiri kumlipa mtu akupangie marejeo yako ni aibu kidogo jamani.

Sasa kitu ambacho kwangu kina thamani zaidi siku hizi, na wengi hawakijui. Mnajua wanafunzi sasa hivi wanaomba rejea kwa ChatGPT, na inawapa, tena nzuri kweli, jina la profesa wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaeleweka, ila makala yenyewe haipo duniani. Supavaiza akikuuliza hii makala iko wapi niione unabaki unakodoa. Zotero ina kale kaalama ka kijiti cha uchawi kule juu, unabandika DOI au ISBN (namba ya kitabu) inakwenda kuitafuta yenyewe. Ukibandika DOI isilete kitu, au ikaleta makala ya mambo ya samaki wakati wewe unasoma elimu ya awali, ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia na hiyo rejea nenda kaikague kwa mkono kabla haijaingia kwenye kazi yako. Pia tangu 2019 inasoma kumbukumbu za Retraction Watch, wale wanaofuatilia makala zilizofutwa na majarida, kwa hiyo makala uliyoihifadhi ikija kufutwa na jarida lake inakutolea onyo jekundu. Watu wa afya na kilimo hii kwenu ni muhimu mno, usije ukajenga chapta ya pili nzima juu ya utafiti ambao wenyewe walishauondoa.

Haya tuje kwenye kero, maana zipo, na nyingine zinatuuma sisi zaidi kuliko wazungu.

Kero namba moja ni majina ya taasisi. Sisi huku tunataja sana ripoti za serikali, na ripoti ikiingia vibaya Zotero inadhani National Bureau of Statistics ni binadamu mwenye jina la ukoo Statistics, kwa hiyo kwenye marejeo unakuta Statistics, N. B. of. Nimeziona hizi kwenye desetesheni zilizokwisha kubandikwa jalada gumu na kuwekwa maktaba, na United Republic of Tanzania nayo inakuwa Tanzania, U. R. of, kama jina la mjomba wa mtu. Dawa yake ni ndogo, pale kwenye sehemu ya mwandishi pembeni kuna kitufe cha kubadilisha kutoka visanduku viwili vya jina kwenda kimoja, bofya hapo, andika jina zima la taasisi, imeisha.

Ya pili ni kwa ndugu zangu wa Kiswahili, fasihi na historia mnaotumia Chicago au MLA. Hizo staili zinapandisha herufi kubwa kwenye vichwa vya habari kwa taratibu za Kiingereza, sasa ukiwa na kitu kinaitwa Historia ya biashara ya karafuu Pemba kinatoka Historia Ya Biashara Ya Karafuu Pemba, inakera macho. Kuna sehemu ya lugha kwenye kila rejea ambayo karibu kila mtu anaiacha wazi, andika sw pale, itaacha kichwa chako kama ulivyokiandika. Na wa APA nyie hifadhini vichwa vya makala kwa herufi ndogo (kubwa iwe ya mwanzo na za majina tu) tangu mwanzo, maana Zotero haitakushushia yenyewe, ukibofya kichwa kwa kitufe cha kulia kuna sehemu ya kugeuza.

Ya tatu ni nafasi. Unapewa MB 300 tu bure za kuhifadhi mafaili kwenye seva yao, na zile ripoti zilizoskaniwa, faili moja MB 40, utazimaliza kabla hujatetea proposali. Ukitaka zaidi ni dola 20 kwa mwaka upate GB 2, sio hela ya kutisha lakini kwa mtu anayejilipia ada mwenyewe najua inauma. Ila sikiliza, hizo MB ni za mafaili ya PDF na kadhalika, zile taarifa za rejea zenyewe pamoja na noti zinasawazishwa (sync) bila kikomo na bila hela. Mi ningekushauri uzime usawazishaji wa mafaili, PDF zikae kwenye laptopu na kila baada ya muda unakopi folda nzima la Zotero kwenye diski ya nje. Bando utaokoa pia. Na jambo zuri kwa huku kwetu ni kwamba ukishaingiza vitu inafanya kazi bila intaneti, umeme ukikatika unaendelea hadi betri iishe.

Halafu hili mniwekee maanani, ukifungua akaunti tumia barua pepe yako binafsi usitumie ya chuo. Ya chuo inaweza kufungwa ukimaliza, na maktaba uliyoijenga masta ndo hiyohiyo utakwenda nayo PhD na ndo utakayoandikia makala za kupandishwa cheo. Watu wanadhani hii ni programu ya desetesheni, hapana, chapta ya pili ni mwanzo tu. Kila makala unayosoma andika noti sentensi tatu nne kwa maneno yako, anadai nini, ametumia data gani, wapi hukubaliani naye. Usiwe mtu wa kukusanya PDF mia nne hujafungua hata ishirini, folda nzuri halijawahi kumpa mtu digrii. Mnaoandika kwa kushirikiana kuna makundi, mnaweka rejea pamoja na kila mtu anaona noti za mwenzake, nafasi ya mafaili ya kundi inahesabiwa kwa aliyelifungua kwa hiyo mkubali mapema nani mwenye nacho.

Mtaniuliza kuhusu Mendeley na EndNote, programu nyingine za kazi hiihii. EndNote ni nzuri ila ya kulipia, na zile za kukraki mnazopeana kwenye flashi zinaleta virusi siku ambayo hutaki. Mendeley ilinunuliwa na Elsevier 2013, inafanya kazi, ila mi nataka vitu vyangu niweze kuvitoa muda wowote kwa RIS au BibTeX, yaani aina za mafaili ya rejea ambazo programu nyingine zinasoma, na nihame navyo, na Zotero hapo hainipi presha. Kama ulishaanza na Mendeley usiogope, kuna njia ya kuhamisha ndani ya Zotero yenyewe kwenye menyu ya faili.

Nyota nampa nne kati ya tano, moja imekwenda na zile MB 300. La mwisho, kabla hujamtumia supavaiza kopi ya Word tunza yenye viungo vya Zotero (vinavyounganisha rejea za kwenye Word na Zotero) kwa jina tofauti, halafu ile ya kutuma ndo ubofye kitufe cha kukata viungo. Ukishakata kwenye kopi pekee uliyonayo, marekebisho yakirudi utayafanya kwa mkono.