Kukimbia Lushoto: Irente ni ya kuanzia, Magamba ndiyo yenyewe

Mtu wa Tanga mjini aliyezoea kukimbia Raskazone, upepo wa bahari usoni na barabara imenyooka, akitaka kwenda kukimbia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, huuliza kwanza: "Vilima vyake vikoje?" Kilima hakina shida kubwa. Ukichoka kupanda unatembea, basi. Kinachowarudisha watu mjini wamepakiwa kwenye bodaboda, goti limefungwa kanga, ni kuteremka. Ndiyo maana njia hizi zimepimwa hapa kwa miteremko yake: udongo wake ukoje, ukali wake kiasi gani, na miguu ikishaisha unateremkia wapi.

Tuanze na hewa. Lushoto mjini pako kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msitu wa Magamba unapita 2,000. Kwenye mita 2,000 mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa kidogo kuliko ulivyozoea. Anayekimbia kilomita kwa dakika 6 kule Raskazone asione haya kuimaliza kwa dakika 9 au 10 huku. Saa ya mkononi iache. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata, tembea mpaka uweze.

Irente ndiyo njia ya kuanzia. Kutoka mjini unapanda kupitia Yoghoi, kama kilomita 6 hadi ukingoni, na kurudi vilevile. Barabara ni pana, ya udongo mwekundu, haipotezi mtu. Hadaa yake iko kwenye huo udongo. Wakati wa jua juu yake hukaa punje ndogo za changarawe kama ulezi uliomwagwa sakafuni, na chini yake pagumu kama saruji. Ukikanyaga kwa kisigino, mguu unaondoka peke yake. Mvua ikinyesha ni kinyume: unanata, unajaa kati ya meno ya soli, na baada ya hatua ishirini unakimbia na kilo ya tope kila mguu, halafu soli imekuwa laini kama sabuni. Jingine ni bodaboda. Kwenye mteremko wengi huzima injini ili kubana mafuta, kwa hiyo pikipiki yenye gunia mbili za kabichi inakufikia nyuma kimya kimya. Kaa upande mmoja, usikate kona, na spika za masikioni ziache nyumba ya wageni.

Ukingoni hakuna cha kukuzuia. Jabali limekatika, na kama mita 1,000 chini yake kuna tambarare ya Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara kuu nyembamba kama uzi. Hatua za mwisho tembea, hasa asubuhi yenye ukungu jiwe likiwa na unyevu. Wakati wa kurudi pitia Irente Farm ya Kanisa la Kilutheri: kuna mkate mweusi wa rai, jibini na jamu, na kwa mtu aliyetoka kukimbia kilomita 6 chumvi ya ile jibini ni dawa tosha. Njia hii tunaipa 7 kati ya 10. Tatu zimekatwa kwa vumbi na pikipiki.

Kuna wanaoona vijia vya wanakijiji vinavyoshuka ukingo kuelekea Mazinde wakavutika. Visifanywe siku ya kwanza. Ni karibu mita 1,000 za kushuka mfululizo, na kila mita 100 unazoshuka joto hupanda kwa zaidi ya nusu digrii. Ukifika chini ni nyuzi 6 hivi zaidi, jua la mkonge, maji yameisha na mapaja yanatetemeka. Kosa la kawaida ni kuanza saa sita mchana baada ya kushiba mkate. Anayetaka aanze saa moja asubuhi na lita 2 za maji, kisha chini apande gari la Mombo na kurudi juu Lushoto kwa kilomita 33 za kona zinazopita Soni.

Sasa Magamba. Hapa ndipo nauli ya kutoka Tanga inaporudi. Panda gari mjini hadi njia panda ya Magamba. Kukimbia ile lami ya kupanda ni kumaliza miguu kabla ya kazi. Huu ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo kibali na malipo hushughulikiwa siku moja kabla, si saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na kaptula getini. Ndani ni miti mirefu ya mikulo, kuvu kwenye magome, mbega wanaoruka juu na kutikisa umande ukakumwagikia shingoni. Baridi yake hukufanya usione kama unatoka jasho, nalo linatoka.

Uzuri wa Magamba kwa mkimbiaji uko kwenye barabara za zamani za kubebea magogo. Magogo hayapitishwi mteremko mkali, kwa hiyo aliyezichonga alizizungusha mlima taratibu, na leo zinakupa mteremko mrefu wa kukimbika, wenye majani laini chini. Adui ni mizizi. Mzizi uliolowa uruke, usiukanyage hata kama unaonekana mpana. Siafu nao hukata njia baada ya mvua. Ukiona mstari mweusi ruka mbali, usisimame hapo kufunga kamba za viatu. Chini ya miti simu hupoteza setilaiti, kwa hiyo usishangae ikikuandikia kilomita 14 wakati umekimbia 12, au kinyume chake. Pakua ramani kabla. Mwisho wa kukimbia uwe saa kumi na moja jioni, maana msituni giza hutangulia. Magamba ni 9.

Huduma ya waongozaji inahitaji neno. Wengi wanaijua milima kama kiganja, lakini bei na muda wao vimepangwa kwa mtu anayetembea. Ukisema "safari ya saa sita" utapewa njia ambayo wewe unaimaliza kwa saa mbili na nusu, na mwongozaji amebaki nyuma na buti zake za mpira. Patana kwa majina ya mahali, si kwa saa: tunaanzia wapi, tunapita wapi, tunatokea wapi. Uliza waziwazi kama yeye mwenyewe anakimbia. Kama hakimbii, mwombe kijana anayekimbia au mpange akusubiri kwa bodaboda kwenye njia panda.

Vijiji vya Mambo na Mtae, kule mwisho wa milima, ni mandhari kuliko mbio: ukingo, upepo, mbuga ya Mkomazi chini, na gari linakula nusu siku kufika. Lala huko au usiende. Amani, upande wa Muheza, ni kitu kingine kabisa. Kutoka Zigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, hadi Amani ni kupanda tu hadi kama mita 900, joto la unyevunyevu, fulana inakamuliwa. Inafaa kwa mtu wa pwani asiyetaka baridi.

Turudi kwenye kuteremka, kwa sababu kunafundishika. Fupisha hatua, ziwe nyingi, karibu 170 hadi 180 kwa dakika. Kiwiliwili kiegemee mbele kidogo. Ukiegemea nyuma kwa woga unatua kisigino, unateleza, na goti linapokea uzito wote. Macho yatazame mita tatu hadi tano mbele, si kwenye vidole. Mikono iachie wazi kama mtoto anayecheza ndege. Kucha zikatwe siku mbili kabla, na kiatu kiwe na nafasi ya kidole gumba mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Kamba ipitishe tundu la mwisho kabisa na kaza pale penye kifundo, ili mguu usisukumwe mbele. Meno ya soli yawe na urefu wa milimita 4 au 5 na yaachane, tope lipate pa kutokea.

Maji nusu lita kwa saa, robo tatu kukiwa na jua. Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, kula kila nusu saa: ndizi mbivu moja ina kama gramu 25 za wanga, na kashata hazimwagiki mfukoni kama jeli za dukani. Noti ndogo ziwepo.

Machi hadi Mei, masika, usijaribu. Juni hadi Agosti udongo ni mzuri kuliko wakati wote, ila beba sweta. Januari na Februari ni vumbi, lakini panakimbilika.

Shambani pita kwenye kijia, usiruke matuta ya watu, na salimia kwa Kisambaa: "onga maundo" asubuhi, "onga mshi" mchana. Nguo ifunike magoti.

Tope jekundu lioshe jioni ileile, likikauka halitoki kwenye nyuzi. Viatu vijaze magazeti, badilisha baada ya saa mbili, kisha weka penye upepo. Jikoni karibu na mkaa gundi huachia, na soli unaiacha Yoghoi kesho yake.