RCSB Protein Data Bank: tovuti inayoonyesha umbo pamoja na ushahidi wake

RCSB Protein Data Bank ndiyo tovuti ya Marekani ya hifadhidata ya dunia ya maumbo ya protini, DNA na RNA, iliyoanzishwa mwaka 1971 katika maabara ya Brookhaven ikiwa na maumbo 7 tu, na ambayo sasa imepita 200,000. Haidai malipo wala usajili. Kwa mwanafunzi wa baiokemia ambaye chuo chake hakimudu kulipia majarida, hilo peke yake ni jambo kubwa, lakini ubora wake hasa, kwa maoni yangu, ni kwamba kila umbo huja na maelezo ya namna lilivyopatikana na kiasi linavyoweza kuaminiwa.

Chukua faili la 2HBS, yaani himoglobini ya selimundu iliyokwisha kuachia oksijeni. Watafiti walipitisha eksirei katika fuwele za protini hiyo, kisha wakakokotoa mahali pa atomu kutokana na jinsi mionzi ilivyotawanyika, hadi kufikia ukali wa angstromu 2.05 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ukilifungua kwa Mol*, programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa, utaona himoglobini mbili nzima zimekaa bega kwa bega. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo ya amino asidi inayounda himoglobini, ambapo kwa kawaida hukaa asidi ya glutamiki, kuna amino asidi nyingine, valini, nayo imejichomeka katika kishimo cha himoglobini jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Kutokana na mshikano huo, himoglobini hujipanga kuwa nyuzi ndefu zinazopindisha chembe nyekundu za damu. Kwa mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu si habari ngeni, sijui mchoro wa kitabuni unaoweza kushindana na hilo.

Ukurasa wa kila umbo hutaja njia iliyotumika: eksirei, NMR (inayotumia sumaku kali na mawimbi ya redio), au hadubini ya elektroni inayotazama sampuli zilizogandishwa, ambayo waendelezaji wake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Maumbo ya eksirei, pamoja na mengine mengi, huwa pia na mistari ya vipimo vya ubora, inayotoka nyekundu kwenda buluu. Alama ikiangukia upande mwekundu, fahamu kwamba umbo hilo ni dhaifu kwa kipimo hicho likilinganishwa na mengine, kwa mfano atomu zake zinagongana kupita kiasi. Wengi huiruka sehemu hii wakakimbilia picha, na ni hasara yao. Hata modeli za AlphaFold, ambazo ni utabiri wa kompyuta, zimewekewa alama ya kuzitenga na maumbo ya maabara. Huo ni uungwana wa kisayansi.

Kasoro zipo. Faili la kawaida la 1HHO, himoglobini yenye oksijeni, lina minyororo miwili badala ya minne, kwa kuwa nusu ya pili hupatikana kwa ulinganifu wa fuwele. Asiyejua kuchagua faili la umbo kamili atadhani himoglobini ni nusu. Ribosomu nazo, yaani mashine za seli zinazotengeneza protini, kwa ukubwa wake hutolewa kwa muundo wa faili uitwao mmCIF tu, ambao programu za zamani hazisomi, na simu ya kawaida hulemewa kuzionyesha. Anayeanza aingie kwanza PDB-101, sehemu ya tovuti hiyo ya kufundishia, kwenye safu ya molekuli ya mwezi iliyoanzishwa na David Goodsell mwaka 2000.