Megajolt kwenye Datsun 240Z: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Gari langu ni Datsun 240Z ya 1972, injini ya L24, silinda sita kwa mstari, kabureta mbili. Alilinunua baba mdogo, akanikabidhi alipoacha kuendesha. Wakenya wa rika lake wanaikumbuka modeli hii kwa Safari Rally: ilishinda 1971, ikashinda tena 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani.

Kilichonichosha ni distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Pointi zinalika, shafti yake imelegea, taimingi (wakati wa moto huo) haitulii. Hata ikitulia, ukiitega vizuri hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ukishuka Mombasa injini inagonga kila ukikanyaga mafuta kwenye mlima, kama kokoto ndani ya mkebe. Hewa nzito ya Pwani inaijaza silinda zaidi na mafuta yanaungua haraka, kwa hiyo moto wa plagi unakuwa umewahi mno. Baba mdogo alizoea kusimama Mtito Andei na spana mkononi, anaizungusha distributa kidogo, kisha safari inaendelea. Akirudi, anasimama pale pale.

Ndipo nikafunga Megajolt, kisanduku cha elektroniki kinachochukua kazi ya distributa. Megajolt haigusi mafuta. Kabureta zimebaki kama zilivyokuwa. Kazi yake ni kupanga wakati wa moto tu. Inaongoza moduli ya EDIS ya Ford, kifaa cha kuwasha koili bila distributa, ambayo inasoma gurudumu la meno 36 lililong'olewa jino moja, lililofungwa kwenye puli ya kranki. Koili zimekuwa tatu katika pakiti moja, kila moja inawasha plagi mbili: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Tahadhari kwa mwenye L24: ukitoa distributa, ile shafti ya chini iache mahali pake, kwa sababu ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Ziba tundu la juu tu.

Kufunga kulinitesa. Gurudumu la kwanza fundi alilichomelea likakaa kombo. Sensa inatakiwa iwe kama milimita 1 kutoka kwenye meno, na langu lilikuwa linasogea na kurudi kila mzunguko. Nikifika mizunguko 4,000 kwa dakika injini inamisi. Nilipoteza wiki mbili nikilaumu waya. Mwishowe nikalipeleka kwa mkereza vyuma, akalifunga kwa boliti na kulisawazisha, na kumisi kukaisha siku hiyo hiyo. Mshale wa mizunguko kwenye dashibodi nao ulikufa, maana geji hiyo ya 240Z ya zamani husoma mkondo unaopita kwenda kwenye koili moja. Jiandae kuitengenezea saketi yake. Gharama zote, pamoja na ushuru na ufundi, zilipita laki moja kidogo.

Sasa faida. Sensa ya presha imeunganishwa kwa mpira mwembamba na manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Injini ikiwa imezimwa, laptopu ilisoma kilopaskali 82 nyumbani Nairobi, na 101 nilipofika Nyali. Jedwali la taimingi lina safu kumi kwa kumi, na sanduku linachagua lenyewe kulingana na presha hiyo. Nilipanda na kushuka bila kugusa chochote na sikusikia kokoto hata mara moja. Asubuhi ya baridi ya Julai inawaka kwa mguso wa kwanza.

Mara moja, karibu na Voi, kiunganishi cha waya wa Megajolt kilichomoka. Gari lilipoteza nguvu ghafla lakini halikuzima: EDIS ikikosa amri inabaki kwenye taimingi ya digrii 10, na kwa hizo nikatambaa hadi kwenye kituo cha mafuta.

Mwenye gari la maonyesho linalotakiwa kubaki kama lilivyotoka kiwandani, hiki si chake. Anayeendesha milimani na Pwani, ninampa bila kusita. Atafute kwanza mtu anayejua kusoma jedwali kwenye laptopu, na abebe sensa moja ya akiba.