Zabbix juu ya klasta ya Proxmox: uzoefu wangu wa miaka miwili

Jumatatu moja ya mwisho wa mwezi, saa mbili kasoro asubuhi, dada wa uhasibu kanipigia, "Kaka, mfumo umeganda, na leo ndo mishahara." Mi bado nipo kwenye daladala. Nikafungua Zabbix, programu inayofuatilia hali ya seva na kupiga alamu, kwenye simu nikaangalia seva yake: diski asilimia 58, prosesa 6, memori nafasi ipo, yaani kijani tupu mpaka 07:12 ya kwenye skrini, alafu kimya, data hamna. Alamu yake ilikuwepo, moja tu, kwamba ajenti (kiprogramu cha Zabbix kinachokaa ndani ya seva na kutuma vipimo) hapatikani, ila imezama katikati ya alamu nyingine sitini na kitu ambazo nilishazizoea kama mtu anavyozoea jenereta la jirani.

Kufika ofisini nafungua Proxmox, mfumo unaogawa mashine moja kuwa seva nyingi za kiprogramu (hizo ndo VM), VM nne zina kipembetatu cha njano, zimeandikwa io-error, yaani kosa la kusoma au kuandika diski. Nikaingia kwenye nodi ya pili (nodi ni mashine halisi inayobeba VM, zikiunganishwa ndo klasta) nikaandika lvs, amri ya kuonyesha hali ya diski, safu ya Data% inasoma 100.00. Hapo ndo nikaelewa nimefanya ujinga gani.

Kwa ambao hawajawahi kuumwa na huyu nyoka: ukiinstall Proxmox kawaida, diski za VM zinakaa kwenye bwawa la LVM-thin, na hilo bwawa linakuruhusu kuahidi kuliko ulichonacho. Ni kamati ya harusi inayosoma kadi za ahadi badala ya kuhesabu hela za mkononi. Mi nilikuwa nimeahidi VM zangu kama TB 3 na bwawa lenyewe halifiki TB 2. Kila VM ukiiuliza inakwambia "mi nina nafasi bwana", maana inahesabu ahadi yake, hela halisi iko chini kwenye nodi na huko sikuwa nimeweka jicho. Bwawa likijaa VM ikitaka kuandika inakosa pa kuandikia, basi inasimamishwa palepale ilipo. Haizimi, haianguki, inaganda tu kama sanamu.

Nilichofanya, nikafuta snapshoti (nakala ya hali ya diski) moja niliyoisahau tangu tulipopandisha toleo la mfumo, ikaachia GB 140 hivi, nikabonyeza Resume, zikaamka moja moja. Baadae nikagundua kisa cha pili, VM zilikuwa zinafuta mafaili kila siku lakini bwawa halirudishiwi kitu, kwasababu kwenye mipangilio ya diski sikuwa nimeweka tiki ya Discard, inayoruhusu nafasi iliyofutwa irudi kwenye bwawa. Nimeweka, nikazima na kuwasha VM, nikaendesha ndani yake fstrim -av, amri ya kurudisha nafasi tupu, bwawa likashuka toka 91 mpaka 64. Hiyo tiki ndogo jamani! Kaangalieni yenu leo.

Sasa kwenye hukumu. Siku ile Zabbix haikuniangusha, mi ndo niliiweka ilinde geti wakati mwizi anapita dirishani. Nilikuwa nimepanda ajenti ndani ya kila VM nikajiona nimemaliza, juu ya nodi zenyewe hakuna kitu. Na hili ndo naliona kwa wengi wanaokuja na maseva ya kawaida kichwani: kwenye klasta kuna ghorofa mbili, ya VM na ya nodi inayozibeba, na kila ghorofa ina ukweli wake. Prosesa ndani ya VM inaweza kuonyesha imepumzika kumbe VM inapanga foleni kusubiri zamu kwenye nodi, utaiona kwenye amri ya top pale kwenye st, yaani muda wa prosesa ambao VM imenyimwa, na kama huifuatilii hiyo utakesha unatafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Kama hujawahi kuisikia, Zabbix ni ya kutoka Latvia, ipo tangu 2001, bure kabisa bila toleo la kulipia linalofichwa vitu vizuri, unalipa ukitaka huduma zao kama msaada. Mi natumia 7.0, ile ya muda mrefu iliyotoka Juni 2024. Kabla ya hapo tulikuwa kwenye mfumo mwingine wa kuendesha VM, wa kulipia leseni, ulikuwa na alamu zake humohumo ndani na sikatai zilikuwa nzuri, bei ilipobadilika mzee akasema "kijana, tafuta kingine", nikahamia Proxmox, nodi tatu, VM arobaini na mbili. Proxmox yenyewe ina grafu za saa, siku, wiki, mwezi na mwaka, za kuangalia zinatosha, ila grafu haikuamshi usiku.

Kuunganisha ni rahisi ukishajua mtego uko wapi. Ipo templeti (seti ya vipimo na alamu zilizoandaliwa tayari) ya Proxmox inayopita kwenye API, mlango wa programu kuongea na programu, porti 8006, unatengeneza mtumiaji, unampa ruhusa ya PVEAuditor ambayo ni ya kusoma tu, unamtengenezea tokeni (ufunguo wa kuingilia badala ya nywila), unaibandika Zabbix. Mi nikafanya yote hayo, ikakubali, hakuna kosa hata moja, orodha ya VM ikarudi tupu. Nimehangaika na hilo jioni nzima, nimebadilisha tokeni mara tatu, nimefungua faiwoli, nimekunywa chai vikombe sijui vingapi. Kumbe tokeni ikitengenezwa na ile Privilege Separation ikiwa na tiki, hairithi ruhusa za mwenyewe, inataka ipewe za kwake. Nikaipa PVEAuditor yake, ndani ya dakika chache VM zote hizo hapo.

Templeti hiyo inakuletea matumizi ya sehemu za kuhifadhia pia, bwawa likiwemo, ningekuwa nayo mapema nisingeumbuka. Ila bwawa lina sehemu mbili, data na metadata (kumbukumbu ya nini kiko wapi), na hiyo ya pili ni ndogo sana lakini ikijaa ni msiba mkubwa kuliko ya kwanza, kwahiyo nikaandika UserParameter yangu (kipimo cha kujitungia) kwenye ajenti wa kila nodi inayosoma lvs na kutoa asilimia ya metadata. Mstari mmoja tu, pamoja na kumruhusu yule mtumiaji zabbix kwenye sudo, yaani ruhusa za msimamizi mkuu, kwa hiyo amri peke yake, usije ukampa sudo ya kila kitu kisa umechoka.

Alamu ndo sehemu ambayo wengi wanaichukia Zabbix na wanaacha. Ukiweka templeti zote bila kuzigusa itakupigia kelele mpaka uizime meseji, na alamu iliyozimwa meseji haina tofauti na kutokuwa nayo. Zangu zilikuwa zinafika mia mbili kwa siku. Saivi ni tano au sita. Nilichobadilisha kikubwa ni hivi, triga (masharti ya kuwasha alamu) za prosesa sizipimi kwa namba ya mwisho iliyosomwa, napima kwa kiwango cha chini kabisa ndani ya dakika kumi, yaani kama dakika kumi nzima haijawahi kushuka chini ya 90 hapo kweli kuna jambo, lakini ikipanda sekunde thelathini kwasababu bakapu ya saa saba usiku imeanza, iniache nilale. Alafu nikaweka kufunguka na kufunga tofauti, alamu inafunguka ikizidi 90 na haifungi mpaka ishuke chini ya 80, zamani ilikuwa inacheza 89, 91, 89, 91 na kila mara meseji, simu inatetemeka juu ya stuli mpaka mke wangu akauliza "huyo ni nani anakutafuta usiku hivi?" Nikamwonyesha. Hakuamini mara moja.

Kingine ni utegemezi wa triga. Swichi moja ikizima, VM zote nyuma yake zinaonekana zimekufa, unapata vifo arobaini kwa kosa la kifaa kimoja. Ukiiambia Zabbix kwamba hizi zinategemea ile, inakuletea moja tu, ya swichi. Ni kazi ya kuchosha kuziweka, nilitumia Jumamosi mbili, na sijutii.

Memori imenisumbua zaidi ya vyote. VM za Windows zilikuwa zinasoma 97 muda wote kwenye Proxmox mpaka nilipoweka ndani draiva ya balloon, inayoiambia Proxmox memori inayotumika kweli, ndo zikaanza kusema ukweli. Na nodi yangu moja inayotumia ZFS (mfumo mwingine wa kuhifadhi data kwenye diski) ilikuwa inalia kila siku kwamba memori imeisha, kumbe ni kashe ya ZFS imejichukulia nusu ya RAM na itairudisha ikihitajika, ila Linux haiihesabu kama nafasi iliyopo. Nikaiwekea kikomo, kelele ikaisha.

Kuna kosa ambalo nililifanya la aibu kidogo, Zabbix yenyewe niliiweka kama VM ndani ya klasta hiyohiyo. Daktari kalala kitanda kimoja na mgonjwa. Umeme ukakatika, UPS ikachoka, nodi mbili zikazima, iliyobaki ikakosa akidi maana moja kati ya tatu haitoshi, kila kitu kikasimama na sikupata hata alamu moja, usiku wangu ulikuwa mtulivu kuliko wote mwaka huo. Saivi ipo kwenye kompyuta ya zamani ya mezani pembeni, ina UPS yake, na nimeichomeka modemu ya GSM yenye laini ya kawaida, Zabbix inatuma SMS moja kwa moja bila intaneti, kwasababu alamu za Telegram ni tamu ila intaneti ikikatika nazo zimekatika. Meseji naandika fupi, jina la nodi na tatizo basi. Inanifikia mi kwanza, nisipothibitisha ndani ya dakika 15 inaenda kwa mwenzangu, nusu saa ikipita inaenda kwa mzee, na hiyo ya mwisho ndo inayonifanya niamke haraka.

Ambavyo sivipendi vipo. Menyu zake ni nyingi, wiki ya kwanza utapotea, unatafuta kitu kidogo unazunguka kurasa nne. Grafu za Grafana, programu nyingine ya kuchora grafu, ni nzuri zaidi kuliko zake, ndo maana kwenye televisheni ya ofisini nimeweka Grafana inayochota data kutoka Zabbix. Na database inanenepa, kama unasoma kila kitu kila dakika utajuta, mi vitu vya kubadilika polepole kama diski nimeviweka kila dakika tano, na historia nzima natunza mwezi, baada ya hapo zinabaki zile za kila saa tu.

Kilichonifanya nimalize na nyota nne na nusu ni hesabu moja ambayo hakuna templeti iliyonipa, niliitengeneza mwenyewe. Nodi zangu tatu zina GB 128 kila moja na kila moja ilikuwa inatumia kama 97. Hiyo ni asilimia 76, kijani, hakuna alamu, wote tumekaa kwa amani. Sasa jumlisha: 291. Nodi moja ikifa zinabaki mbili, 256. Yaani tulikuwa na klasta ya kujiokoa ambayo haiwezi kujiokoa, siku nodi inaanguka HA (kipengele cha kuokoa VM) inawasha upya VM zake kwa zilizobaki, memori inaisha na kernel, kiini cha Linux, inaanza kuua programu ovyo. Kwa nodi tatu ukivuka theluthi mbili umeshaishiwa, hata kama kila nodi peke yake inaonekana ina nafasi. Nikatengeneza aitemu (kipimo) ya kukokotoa inayojumlisha zote tatu na kulinganisha na nodi mbili, nikaipa triga yake.

Nilimpelekea mzee grafu ya miezi mitatu, imechapishwa kwenye karatasi maana yeye skrini haziamini. Kaiangalia, kauliza, "Kwahiyo huu mstari ukivuka huu mwekundu?" Nikamwambia mzee, umeshavuka tangu mwezi wa tatu. Kasaini RAM siku hiyohiyo, nimesubiri saini nyingine humo ofisini kwa mwaka. RAM hazijafika bado, kwahiyo hiyo alamu moja ipo juu ya dashibodi yangu mpaka sasa hivi naandika, ya njano, nimeithibitisha na kuiwekea maelezo, "mzigo uko njiani".