Besi Mpya Zenye Sura ya Zamani: Ipi Ununue Ukiwa Mwanza

Siku hizi besi, lile gitaa la nyuzi nne nene, inatoka kiwandani imeshazeeka. Rangi ya maziwa iliyogeuka njano, nobu za kromi, kava la chuma juu ya nyuzi, na nyingine zimekwaruzwa makusudi mgongoni kana kwamba zimepiga harusi miaka 40. Kijana mmoja wa kwaya huku Igoma alinionyesha picha kwenye simu: "Kaka, hii si used kweli?" Nikamwambia ni mpya kabisa, na hayo makovu unayalipia.

Nimezipanga kwa jinsi ambavyo ningetumia pesa yangu mwenyewe, mimi ninayepiga harusini Jumamosi na kanisani Jumapili. Kumbi zetu unazijua: soketi za mashaka, jenereta nyuma ya ukuta, na unyevu wa ziwa usiopumzika. Mtu wa studio anaweza kuzipanga vingine, na sitagombana naye.

Ya kwanza: Precision yenye pikapu iliyogawanywa

Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walitoa Precision mwaka 1951 ikiwa na pikapu moja nyembamba, yaani ile sumaku yenye koili inayonasa mtikisiko wa nyuzi. Mwaka 1957 wakaigawa vipande viwili: kimoja kinachukua nyuzi mbili nene, kingine nyuzi mbili nyembamba, na vimeungwa kwa namna ambayo mvumo unaoingia kwenye kimoja unafutwa na ule wa mwenzake. Kwenye karatasi hilo ni jambo dogo. Nenda sasa ukapige ukumbi ambao soketi zake hazina ethi na taa za rangi zinawaka ukutani. Niliwahi kwenda Buhongwa na besi ya kuazima ya mtindo ule wa kwanza kabisa. Kila MC aliponyamaza, spika ziliendelea na hotuba yake.

Kwa hiyo kuwa macho, kwa sababu kurudi kwa mambo ya zamani kumerudisha mitindo yote miwili. Ukiona pikapu moja nyembamba iliyonyooka katikati ya besi ya Precision, huo ni mtindo wa kabla ya 1957. Ni nzuri kwa macho, ila ndiyo iliyonitoa jasho Buhongwa. Tafuta vipande viwili vilivyopishana.

Ningenunua Squier Classic Vibe ya miaka ya 60. Squier ni jina la bei nafuu la Fender wenyewe, na mfululizo huu umepewa sumaku za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) kama za zamani. Nobu ni mbili tu, sauti na toni, na betri hakuna. Jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ikilegea, fundi redio yeyote mjini anaichomea wakati wewe unakunywa chai.

Kuna jambo la zamani ambalo halimo kwenye picha za matangazo, nalo ndilo lenye faida kuliko yote: nyuzi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za lebo ya Motown kule Detroit, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo, na alikuwa mtu wa kutozibadilisha. Wapigaji wanaziita flati. Zina sauti nzito na fupi inayokaa chini ya kwaya bila kumpigia mtu kelele, hazitafuni freti (vile vichuma vya kukatiza shingoni), na vidole havilii vinapoteleza. Bei yake iko juu ya nyuzi za kawaida, lakini zikishakaa unazisahau kwa miaka. Kwa sebene ya haraka yenye kudonoa sana utaziona zimelala mno. Hapo rudi kwenye za kawaida.

Ya pili: Jazz

Hii nayo ni ya Fender, ilikuja mwaka 1960. Shingo yake ni nyembamba kule juu, kama milimita 38, na pikapu ni mbili, kwa hiyo unachagua sauti: ya shingoni inanguruma, ya nyuma inazungumza puani. Wapigaji wa sebene wengi ninaowajua wanaipenda kuliko Precision, na nawaelewa. Nimeishusha nafasi ya pili kwa sababu ya mvumo tu. Ukifungua pikapu zote sawasawa mvumo unapungua; ukizima moja unarudi, na kilio cha puani ulichokifuata unakipata pamoja na jenereta.

Kati ya 1960 na 1962 Jazz zilikuwa na nobu zilizopandana, moja juu ya nyingine, na sasa zimerudi kwenye baadhi ya matoleo. Zinapendeza. Lakini zikiharibika, kipuri chake hukipati Mwanza. Chukua ya nobu tatu.

Ya tatu: Mustang na wenzake wafupi

Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Mustang ya Fender ya mwaka 1966 ina inchi 30, sentimita 76, na wafupi wamerudi kwa kishindo. Kwa kijana anayeanza, au mtu mwenye mkono mdogo, ningeiweka ya kwanza. Shida ni nyuzi zake: lazima ziwe fupi. Uzi mrefu sehemu yake nene inaishia kuzungushwa kwenye funguo, na hapo hukatika. Agiza seti mbili pamoja na besi yenyewe.

Ya nne: StingRay na besi za betri

Music Man walileta StingRay mwaka 1976, na betri ya volti 9 ndani yake. Sauti yake inapasua ukumbi, sikatai. Ila ukizoea kuacha waya umechomekwa betri inaliwa bure, na ikiisha Jumapili saa moja asubuhi utatafuta duka lililofunguliwa.

Ya tano: ile yenye umbo la fidla

Höfner wa Ujerumani, 1956. Paul McCartney wa Beatles akaipa umaarufu. Ni nyepesi kama kikapu kwa sababu ndani ni tupu, na kwa sababu hiyohiyo ikiwekwa karibu na spika kubwa inapiga yowe. Nyumbani, ndiyo. Kwenye mkutano wa Injili pale viwanja vya Furahisha, hapana.

Vikolombwezo

Makovu ya kiwandani usiyalipie hata shilingi. Kava za kromi unaweza kuziacha, ingawa ile ya nyuma ilikuwa na kazi: chini yake palikuwa na sponji ya kufisha mlio. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kichomeke chini ya nyuzi karibu na brigi, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili, umemaliza.

Vanishi ya nitro, ile ya zamani inayogeuka njano, inaungua ikigusana na mpira wa baadhi ya stendi. Mpaka leo nina alama mbili mgongoni mwa besi yangu kama kidevu kilichokosea kunyolewa.

Kubwa kuliko hayo ni chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoizuia isipindwe na mvuto wa nyuzi. Kwenye besi nyingi za kisasa unakirekebishia kichwani. Matoleo yanayofuata uzamani kwa uaminifu yameficha sehemu hiyo chini, shingo inapoungana na mwili, na ili uifikie mara nyingi unafungua skrubu na kuitoa shingo nzima. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, shingo inatembea. Niliwahi kuing'oa ya kwangu saa mbili kabla ya harusi, nyuzi zimening'inia kama nyavu za dagaa, bwana harusi ananitazama. Muulize muuzaji chuma kinarekebishiwa wapi. Asipojua, mwombe picha.

Ukiagiza Dar, mzigo ukashuka na basi Nyegezi, usiikaze wala kuirekebisha siku hiyohiyo. Iache ndani siku mbili izoee hewa ya huku, kisha itazame shingo kwa kufumba jicho moja, kuanzia kichwani kwenda chini.