Mpini wa kisu cha kuchongea vijiko: mti upi ununue Nairobi, upi uache

Visu vya kuchongea vijiko wakati mwingine huuzwa bila mpini, ubapa na msuka tu, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, na mti wa kutia hapo ni shauri lako. Unaohitajika ni mdogo: kipande cha sentimita 15 kwa 4 kwa 4 kinatosha na kinabakisha nafasi ya kukosea. Usinunue ubao mzima. Tafuta mabaki kwa wachongaji na wauza mbao wa Gikomba, au kwa mafundi wa fanicha walio kando ya Ngong Road.

Kabla ya jina la mti, kagua ukavu. Ukitia msuka kwenye mti mbichi, mti hukauka baadaye na kunywea, chuma hakinywei, basi shingo ya mpini, pale msuka unapoingia, inapasuka. Weka kipande shavuni: kikiwa baridi kuliko wenzake, bado kina maji. Kipimo cha kuaminika ni mizani ya jikoni. Pima, andika gramu juu yake kwa penseli, rudia kila Jumapili. Uzito usiposhuka kwa wiki tatu mfululizo, anza kazi. Kipande kibichi kipe miezi mitatu hadi sita kivulini, ncha zote mbili zikiwa zimepakwa nta ya mshumaa, maana maji hutoka upesi zaidi nchani na nyufa huanzia hapo.

Kisha nyuzi. Zifuate kwa kidole kutoka ncha hadi ncha. Zikitokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, kirudishe. Kipande chenye moyo wa shina, kile kiduara cha katikati, usikichukue hata ukipewa bure. Nyufa hutawanyika kutoka humo kama njiti za mwavuli.

1. Mzeituni mwitu. Wakikuyu huuita mutamaiyo, Wamaasai oloirien. Nyuzi zake zimebanana, haubonyei, na kisu kikali huuacha uking'aa hata kabla ya msasa. Kwa mpini hatujaona wa kuushinda. Ila hupasuka vibaya ukikauka haraka, kwa hiyo nunua uliokwisha kukauka, na mafuta yake ya asili huikataa gundi. Uliza pia ulikotoka, kwa sababu mti huu hukatwa ovyo misituni kwa ajili ya makaa. Baki la mchongaji anayejua chanzo chake ni bora kuliko gogo lisilo na mwenyewe.

2. Mpera na mkahawa. Hutaikuta kwa wauza mbao. Mpera huupata mtu anapopogoa au kukata mti uani. Mkahawa, kwenye visiki vya mashamba ya Kiambu yanayong'olewa. Yote miwili ni migumu na haikatiki kirahisi. Chagua shina la sentimita 10 au zaidi, ulipasue katikati na kuuondoa moyo. Pasua kwa shoka, usikate kwa msumeno, na nyuzi zitajinyoosha zenyewe.

3. Mgrevilea. Uko kila mahali, bei nafuu, hukauka bila kusumbua. Ni mwepesi na laini, hivyo shingo iongezee milimita 2 au 3 za unene. Vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi.

4. Mvule na mkangazi, mabaki ya fanicha. Yanafaa. Mvule wakati mwingine huwa na vijiwe ndani vinavyovunja makali, na vumbi lake ni baya kwa kifua: vaa barakoa.

5. Mpingo. Wengi wangeuweka juu. Sisi hapana. Uzito wake ni kama mara mbili ya mgrevilea, huzama majini, na mpini mzito kuliko ubapa huchosha kifundo cha mkono. Gundi nayo haiupendi.

Saiprasi hubonyea, mkaratusi hujipinda na kupasuka. Iache.

Ukishapata mti, toboa tundu kabla ya kuchonga umbo. Tundu likienda upande, unalisogeza umbo kulifuata. Kwa msuka wa upana wa milimita 9 na unene wa 3, toboa matundu matatu ya milimita 3 kwa mstari, kina kikizidi msuka kwa milimita 3, kisha unganisha kwa tupa nyembamba. Mzeituni ufute ndani kwa spiriti. Funga ubapa kwa kadibodi na utepe, tia gundi ya epoksi, acha saa 24 hata kama boksi linasema dakika tano.

Kuunguza tundu kwa msuka uliopashwa moto, kama wafanyavyo kwa jembe, kunaweza kulainisha chuma cha kisu. Joto likipanda hadi kwenye makali, hayatakaa tena.

Mpini wa kisu kilichonyooka uwe sentimita 12, wa kisu cha ndoano, kile kilichopinda cha kuchimbia bakuli la kijiko, 14. Umbo liwe la yai, milimita 28 kwa 22 katikati. Acha mikato midogo ya kisu, inashika mkono vizuri, wala usipake vanishi: huteleza na kuleta malengelenge. Mafuta ya kitani, mara tatu, siku moja kati ya kila mpako. Kitambaa ulichopakia kiloweke majini au ukitandaze nje. Kikikunjwa na kuachwa karakana, hujipasha joto na kinaweza kuwaka moto chenyewe.